Steshenari yenye kompyuta mbili za zamani: nihamie Linux Mint au nibaki na Windows?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina steshenari hapa Songea, jirani na chuo. Kompyuta zangu ni mbili: mpakato HP EliteBook 840 G3 yenye RAM ya GB 8, na Dell OptiPlex 3020 ya mezani yenye GB 4. Zote zina Windows 10, na zote zinaniletea ujumbe kwamba muda wa huduma umeisha na haziwezi kupanda kwenda Windows 11. Fundi mmoja anasema atanipigia Windows 11 hivyo hivyo kwa njia ya panya. Mwingine anasema niachane na Windows kabisa, nipige Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta, ni bure na haina virusi. Kazi zangu ni kuchapa, kopi, picha za paspoti, kadi za michango ambazo natengeneza kwa Publisher, na kuwaombea wanafunzi mikopo na vyuo mtandaoni. Printa ni Epson L3110 na Canon LBP2900 ya zamani. Flashi za wanafunzi zinanitesa. Nihamie? Na ni programu zipi nizijaribu?

JIBU: Nzuri, dada. Kwa kifupi: hamisha HP, iache Dell kwenye Windows kwa sasa, na kabla hujagusa mashine yoyote anza kubadili programu ukiwa humo humo ndani ya Windows. Sasa nikueleze sababu, maana mafundi wako wote wawili wana ukweli wao, na kila mmoja ameruka jambo.

Ujumbe unaouona si utapeli. Microsoft ilisitisha matengenezo ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikiwa ni miaka 10 tangu mfumo huo utoke. Mashine haizimiki wala Word haigomi. Kinachokoma ni viraka vya usalama: tundu likigunduliwa baada ya siku hiyo, halizibwi tena. Kompyuta ya nyumbani ya kuangalizia filamu inaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Ya kwako inachomekwa flashi za chuo kizima kutwa, na watu wanaandikia humo namba za NIDA na nywila za akaunti zao za mkopo. Hiyo haiwezi kukaa hivyo.

Kwa nini zinakataa Windows 11? Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel unataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. HP yako ni ya kizazi cha 6, Dell ni ya kizazi cha 4. Njia ya panya ipo kweli: Rufus, programu ya kutengenezea flashi za kupigia Windows, ina kisanduku cha kuondoa masharti hayo, na mashine inawaka. Lakini Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata maboresho, na maboresho ndiyo tunayoyatafuta. Kwenye Dell ya GB 4 utaishia na mashine inayokokota miguu kuanzia asubuhi. Na kama fundi anakuja na Windows pamoja na kile kiprogramu cha kuifungulia leseni bila kulipa, mwambie asante, arudi nacho. Vitu hivyo vinakutaka uzime antivairasi ndipo viingie. Mtu anayekuomba uzime taa kwanza ndipo aingie dukani, ungemruhusu?

Kuna mlango wa tatu ambao hujatajiwa. Windows 10 halali, iliyofika toleo la 22H2, inaweza kuandikishwa kwenye mpango wa kuongezewa viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya Windows Update, utakuta kiungo cha kujiandikisha. Unahitaji akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu. Usipokubali, ni dola 30 au pointi zao za zawadi. Dell iandikishe huko wiki hii hii. Hujahama na hujakwama, umepata muda wa kujifunza bila presha.

Anayekimbia Linux baada ya wiki moja mara nyingi amekimbizwa na kubadili kila kitu kwa mkupuo. Asubuhi amekuta Word haipo, Photoshop haipo, menyu imehama, na mteja kasimama kaunta na buku mbili mkononi. Hakuna haja ya kufika huko, kwa sababu programu karibu zote utakazotumia kwenye Mint zina toleo la Windows: LibreOffice, GIMP, Inkscape, Firefox, PDF Arranger, LocalSend, VLC. Ziweke kwenye HP leo, Windows ikiwa bado ipo, na uzifanyie kazi halisi za wateja. Utakapopiga Mint utakutana na sura unazozifahamu. Na kama kuna kazi isiyowezekana, utaijua mapema wakati Word bado iko karibu.

Tuanze na kuchapa, kwa kuwa ndiyo mkate wako. LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word, na kwa barua, CV, mitihani ya shule na mikataba ya kupanga nyumba hutaona tofauti ya maana. Ugomvi unaanza kwenye ripoti za wanafunzi. Mtu analeta ripoti ya kurasa 42 kwa hesabu ya kompyuta yake, kwako zinakuwa 44, na orodha ya yaliyomo inasema Sura ya Nne iko ukurasa wa 21 wakati imeshasogea hadi wa 23. Mteja anaona umemharibia kazi. Mara nyingi kisa ni fonti. Calibri, iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007, ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. LibreOffice inaweka mahali pake Carlito, ambayo kila herufi imepimwa iwe na upana ule ule wa Calibri, hivyo mistari inakatika pale pale. Cambria ina pacha wake anayeitwa Caladea. Times New Roman na Arial nazo zinashikiwa nafasi na fonti za Liberation, kwa vipimo vile vile. Kwa hiyo ukishafika kwenye Mint, jambo la kwanza ni kuhakikisha Carlito na Caladea zimo, na kuongeza kifurushi kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer, ambacho kinakuletea Times New Roman na Arial zenyewe.

Inayobaki kusumbua ni Aptos, fonti ambayo Word za karibuni zinaanzia nayo. LibreOffice haiji na pacha wa namna hiyo kwa Aptos. Faili likifunguka, bofya kwenye aya na utazame jina la fonti pale juu: kama limeandikwa kwa mlazo, maana yake fonti hiyo haimo kwenye mashine na unachokiona ni mbadala. Hapo usichape. Mwambie mteja akutumie PDF kutoka kwenye simu au kompyuta aliyoandikia. Kusema kweli hii ingekuwa kanuni ya kila steshenari hata zenye Windows tupu: cha kuhaririwa kije kama Word, cha kuchapwa kije kama PDF. Bandika karatasi ukutani.

Kama sura ya LibreOffice inakuchosha macho, ingia kwenye menyu ya View, kisha User Interface, uchague Tabbed. Vitufe vitajipanga kwa vichupo kama ulivyozoea kwenye Word. Kuna pia ONLYOFFICE, ya bure, ambayo imefanana na Word kiasi kwamba msaidizi wako wa kaunta huenda asiulize kitu. Mimi naipenda kwa kazi za haraka za Word, ila kwa kadi zenye majina mengi na majedwali marefu narudi LibreOffice.

Halafu kuna ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Kwenye Mint, tafuta kifurushi kinachoitwa hunspell-sw, kiweke, kisha ndani ya LibreOffice weka lugha ya waraka iwe Kiswahili cha Tanzania. Haijui kila mnyambuliko wa kitenzi, lakini inakamata makosa ya haraka ya vidole, na mitihani ya shule za msingi itatoka safi zaidi. Kiswahili kwenye programu za namna hii kilianza zamani kuliko watu wanavyodhani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, babu wa LibreOffice akiwa na menyu za Kiswahili, mwaka 2004.

Sasa Publisher. Hapa nakushauri uharakishe hata kama utaamua kubaki Windows maisha yako yote, kwa sababu Microsoft imetangaza kwamba huduma ya Publisher inakoma Oktoba 2026. Kadi zako zote za michango, send-off na kumbukumbu ziko kwenye faili za .pub, na hakuna programu nyingine inayozifungua vizuri. LibreOffice Draw inazifungua, ndiyo, ila maua yanahama na maandishi yaliyopindishwa yananyooka. Kaa siku moja isiyo na wateja wengi, fungua kadi moja moja kwenye Publisher, zihifadhi zote kama PDF. Zile chache ambazo wateja wanazichagua kila mara zitengeneze upya kwenye Inkscape. Nasema chache kwa makusudi: kila mwenye steshenari ana folda la kadi mia na anauza zile zile tano.

Inkscape ni programu ya michoro ya mistari, ndugu wa CorelDRAW kwa matumizi. Mwanzoni itakuchanganya, hasa pale unapobofya umbo mara ya pili na vishale vinageuka kuwa vya kuzungusha. Ila mapambo ya kadi, nembo za vikundi vya VICOBA na mihuri ya mfano ndiyo eneo lake. Majina ya waalikwa usiyaandike humo. Hamisha pambo la kadi kama picha, liweke kuwa mandharinyuma ya ukurasa kwenye LibreOffice Writer, andika orodha ya waalikwa kwenye Calc, Excel ya LibreOffice, kisha tumia Mail Merge. Safu moja ya Calc ni “Bw. na Bi. fulani”, nyingine ni kiasi, nyingine namba ya kadi. Kadi zinatoka zote kwa amri moja, na kamati ya harusi ikileta orodha mpya saa kumi na moja jioni hukasiriki.

Picha za paspoti. Photoshop haina toleo la Linux, na kuilazimisha kupitia Wine, kifaa cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ni bahati nasibu, kwa hiyo usijenge biashara juu ya hilo. GIMP inatosha kabisa kwa kazi hii, na toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeondoa kero nyingi za zamani. Tengeneza kiolezo mara moja tu. Fungua ukurasa mpya wa upana wa pikseli 1772 na kimo cha 1181, resolution ikiwa pikseli 300 kwa inchi. Hiyo ni karatasi ya picha ya sentimita 15 kwa 10 iliyolala. Picha moja ya milimita 35 kwa 45 ni pikseli 413 kwa 531. Zinakaa nne kwa upana na mbili kwa kimo, jumla nane, na nafasi ya mkasi inabaki. Weka mistari ya mwongozo, hifadhi kwa jina la “paspoti nane”, na kila mteja anayekuja unakata uso wake kwa kipimo hicho, unanakili, unabandika mara nane. Kwa faili za Photoshop (PSD) ambazo wateja wanakuja nazo, fungua Photopea kwenye kivinjari. Inazisoma vizuri, na ukishaifungua ukurasa wake hauli bando sana.

Hapa nije kwenye flashi, maana ndiyo sababu kubwa ya mimi kukuambia uhamishe angalau mashine moja. Unajua virusi vya shotikati vinavyofanya: vinaficha mafolda ya mwanafunzi, vinaweka ikoni zenye majina yale yale, yeye anabofya, kumbe anakiamsha kirusi na kinarukia kompyuta yako na kila flashi itakayofuata. Ukichomeka flashi hiyo hiyo kwenye Mint unaona kila kitu kikiwa uchi. Mafolda yaliyofichwa yanaonekana bila kubonyeza chochote, kwa sababu alama ya Windows ya kuficha faili haifuatwi humo. Mara nyingi utakuta folda moja lisilo na jina, limewekewa nafasi tupu badala ya jina. Ndani yake ndimo zilimo kazi zote za mtu. Pembeni kuna vifaili vidogo vinavyoishia na .lnk, labda na kimoja cha .vbs. Vimekaa tu, havina pa kuamkia. Unanakili ripoti ya mwanafunzi, unaichapa, na ukitaka kumsaidia zaidi, kwa ruhusa yake unafuta takataka na kurudisha kazi zake mahali pake. Wengine wanatoza kwa huduma hiyo, na sioni ubaya.

Fundi wako alikuambia Linux haina virusi. Haiko hivyo. Virusi vya Windows haviwaki humo, lakini unaweza kuvibeba na kuvipeleka kwa mtu mwingine, ukinakili .lnk pamoja na faili halali. Na tovuti ya kitapeli inayoomba nywila inafanya kazi sawasawa kwenye mfumo wowote.

Kwa hiyo mpangilio ninaokupendekezea ni huu: flashi zote za wateja zinachomekwa kwenye HP yenye Mint, kamwe si kwenye Dell. Faili likihitaji Word halisi au Publisher, linavuka kwenda Dell kwa LocalSend, programu ndogo inayotuma mafaili kati ya mashine zilizo kwenye Wi-Fi moja bila kutumia bando hata kidogo. Inakubali pia simu za Android na iPhone, hivyo mteja wako wa kudumu anaweza kuiweka kwenye simu yake. Wa kupita atabaki na WhatsApp. Hiyo haina programu rasmi ya Linux, lakini Mint ina kifaa kinachoitwa Web Apps ambacho kinageuza WhatsApp Web kuwa dirisha lake lenye ikoni yake. Tumia namba ya duka. Usimwache mteja aunganishe akaunti yake kwenye kompyuta yako, ataondoka akisahau kuitoa. Na maombi ya HESLB, Ajira Portal na RITA yafanyie kwenye dirisha la faragha la Firefox, ukilifunga hakuna kinachobaki cha kuingilia. Folda la Downloads lisafishe kila jioni. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na vyeti vya watu vilivyolundikana kwenye kompyuta ya steshenari ni taarifa binafsi.

Printa zako zina hadithi mbili tofauti. Epson L3110 mara nyingi inatambulika ikichomekwa. Isipotambulika, tovuti ya Epson ina draiva ya Linux iitwayo ESC/P-R, chukua faili la .deb, bofya, imeisha. Kuskani utatumia Epson Scan 2, nayo ni ya kwao. Kitu kimoja tu kitakurudisha Windows: siku printa itakapogoma ikidai pedi ya wino imejaa, ile programu mafundi wanayotumia kuiresetia ni ya Windows pekee. Canon LBP2900 ni kesi nyingine. Inatumia lugha ya CAPT, ya Canon yenyewe, na kwenye Linux inasumbua watu miaka nenda rudi. Usipoteze Jumamosi yako. Ibaki kwenye Dell, Epson ihamie HP.

Programu nyingine mbili za kujaribu kabla sijafika kwenye kupiga Mint. PDF Arranger inaunganisha, inakata, inageuza na kupanga kurasa za PDF kwa kuburuta, na kwa watu wanaotakiwa kupakia vyeti vyote kwenye faili moja utaitumia kila siku. Unaweza kuacha zile tovuti za kuunganisha PDF ambazo zinachukua vyeti vya wateja wako na kuvipeleka usikokujua. Ya pili ni gImageReader, inayosoma maandishi kutoka kwenye picha au skani ukitumia injini ya Tesseract. Weka pia kifurushi tesseract-ocr-swa ili ijue Kiswahili. Mtu akileta katiba ya kikundi iliyochapwa zamani, anataka uiandike upya, unaskani na kubaki na kazi ya kusahihisha tu. Mwandiko wa mkono haiuwezi.

Kwa nini Mint na si nyingine? Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ndiyo maarufu zaidi, na Mint imejengwa juu yake tangu 2006. Ila Mint ina menyu ya kona ya kushoto chini kama uliyoizoea, na haikushushii maboresho mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Kwa anayelipia bando hilo lina uzito. Mfululizo wa Mint 22 utahudumiwa hadi 2029. Toleo la Cinnamon litaenda vizuri kwenye HP ya GB 8. Kama siku moja utahamisha Dell, chukua Xfce, ni jepesi zaidi.

Faili lake linakaribia GB 3, lishushe usiku kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi ya mtu unayemwamini. Tovuti ya Mint inaeleza namna ya kulihakiki kwa namba ya SHA256. Fanya hivyo, faili lililokatika katikati linaleta makosa ya ajabu wakati wa kupiga. Kwa Rufus, liandike kwenye flashi ya GB 8 usiyoihitaji, kwa kuwa vilivyomo vitafutika. Zima HP, iwashe huku ukigonga Esc, kisha F9, uchague flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo, usiihukumu kwa mwendo huo. Kagua Wi-Fi, sauti, kamera, padi ya kugusa (touchpad), na muhimu zaidi chomeka Epson uchape ukurasa wa majaribio. Wi-Fi ikikataa, unganisha simu kwa waya wa USB ugawe intaneti, kisha fungua Driver Manager ikutafutie draiva.

Ukiridhika, nunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240 au 256 kama HP bado ina diski ya kuzunguka. Hiyo SSD itakupa kasi kuliko mabadiliko yoyote ya mfumo, nakuhakikishia. Toa diski ya zamani na Windows yake yote, ifunge kwenye bahasha, iweke kabatini, kisha piga Mint kwenye SSD mpya. Ukikwama, diski inarudi na duka linafunguliwa. Kabla hujaitoa, tazama kama BitLocker, kufuli la Windows la kuficha yaliyomo kwenye diski, imewashwa, na kama imewashwa andika funguo yake ya dharura kwenye karatasi.

Mafundi wengi watakushauri mifumo miwili kwenye diski moja. Siupendi mpango huo kwa mashine ya biashara. Agosti 2024 boresho moja la Windows liliwaacha watu wengi wasiweze kuwasha Linux iliyokaa pembeni yake, na wewe huna siku ya kupoteza kwa ugomvi wa wapangaji wawili. Una kompyuta mbili, kila mfumo ukae na nyumba yake.

Baada ya kupiga, washa Timeshift kabla hujaongeza kitu. Inapiga picha ya mfumo ili ukiharibu urudi jana. Haihifadhi nyaraka zako, hizo nakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa. Programu zichukue kwenye Software Manager. Penye chaguo kati ya kifurushi cha kawaida na Flatpak, kifurushi kinachokuja na mahitaji yake yote, chukua cha kawaida kama kipo, kwa sababu Flatpak ya kwanza inashusha mizigo yake ya ziada na inaweza kumaliza bando la siku.

Kuhusu wakati, usithubutu kufanya haya msimu wa maombi ya mikopo au wiki ambazo wanafunzi wanakabidhi ripoti. Subiri chuo kifunge. Programu za kwenye Windows, hizo anza kesho. Na fundi wa Linux usimlipe kwa kupiga mfumo tu, maana hilo utaliweza mwenyewe. Mlipe kwa kukaa nawe mchana mmoja, wateja wakiingia na kutoka, mpaka Epson iwe imechapa, imeskani, na kadi moja ya mchango imetoka na majina yake.